Wasichana Wawili Wasiofanana: Majibu kwa Wanaoandika Riwaya za Vijana

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa waandishi wanaowaandikia wasomaji wa miaka 13 hadi 18, na nyingi zinagusa jambo moja: wasichana wawili ambao hakuna aliyetegemea wapatane, halafu wakapatana. Ni kisa kinachopendwa sana na wasomaji wa umri huo, na ni rahisi kukiharibu. Tumechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

*Riwaya yangu ina Zuhura, binti wa mfanyabiashara wa nafaka, na Paskalina, ambaye mama yake anauza maandazi nje ya geti la shule. Katika sura ya kwanza wasichana wanamcheka Paskalina kwa viatu vyake, Zuhura anamtetea, na kuanzia hapo wanakuwa marafiki. Kila aliyeisoma anasema urafiki wenyewe hauaminiki. Kasoro iko wapi?*
Msomaji, Morogoro

Kasoro iko kwenye huo utetezi. Zuhura ametoa na Paskalina amepokea, na sisi wasomaji bado hatujamjua hata mmoja wao. Isitoshe, msichana wa miaka 15 aliyetetewa mbele ya watu mara nyingi huona haya kuliko anavyoona shukrani. Aliyemtetea ameiona fedheha yake kwa karibu, kwa hiyo kesho yake atamkwepa. Tukio lenyewe si baya. Libakize, ila liwe ndilo linalomfanya Paskalina asitake kumtazama Zuhura usoni kwa sura mbili nzima.

Kabla hujaandika hisia zozote, hakikisha una mahali ambapo hawawezi kukimbiana, kazi ambayo mmoja peke yake hawezi kuimaliza, na kitu ambacho kila mmoja anakijua kuliko mwenzake. Maabara ya kemia ya kidato cha tatu inakupa vyote hivyo. Shuleni kwao bureti, ile mirija ya kupimia yenye koki chini, hazimtoshi kila mwanafunzi, kwa hiyo mwalimu anawapanga wawili wawili kwa kufuata daftari la mahudhurio. Asidi iko kwenye bureti. Besi, sentimita za ujazo 25, iko kwenye flaski pamoja na matone mawili au matatu ya methili oranji, kimiminika kinachobadili rangi asidi ikitosha, na rangi yake ni njano. Mmoja anashika koki, mwingine anatikisa flaski. Mzunguko wa kwanza ni wa kukadiria tu na hauingii kwenye wastani. Mizunguko inayofuata inatakiwa itoe majibu yasiyopishana zaidi ya sentimita za ujazo 0.2.

Sasa wape tabia zao. Zuhura amezoea mambo yaishe haraka. Anafungua koki yote, rangi inapita machungwa na kuwa nyekundu, na mzunguko umeharibika. Paskalina amekua akipima unga na mafuta kwa jicho. Yeye anaachia tone moja moja na kufunga rangi inapoanza tu kugeuka. Lakini swali la hesabu limeandikwa kwa Kiingereza. Zuhura alisoma shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza, Paskalina alisoma shule ya serikali kwa Kiswahili hadi darasa la saba, na sentensi ya pili ya swali inampotea. Kila mmoja amekwama bila mwenzake, na hakuna aliyemfadhili mwenziwe.

Ukishaipata kazi, usiwe na haraka. Wakutanishe mara tano au sita kabla neno rafiki halijatamkwa popote. Mikutano mitatu ya mwanzo iwe ya kulazimishwa: wa kwanza wanalaumiana, wa pili hawasemezani, wa tatu majibu yanatoka sawa na hakuna anayempongeza mwenzake. Wa nne ndio muhimu kuliko yote, na waandishi wengi huuruka. Mwalimu anawaruhusu wachague wenza, na Zuhura anamchagua shoga yake wa zamani. Paskalina anaona. Ule wa tano, Zuhura anarudi kwa hiari yake, bila hotuba, labda kwa kuuliza tu kama kiti kina mtu. Aliyekataa ndiye anayepaswa kurudi. Ukimrudisha aliyekataliwa, umemwandika mtu anayejipendekeza.

Jambo la mwisho kwenye barua hii. Sababu iliyowatenga mwanzoni isife baada ya kupatana. Chukua karatasi, ichore mstari katikati, na uandike kila mmoja anapoteza nini kwa urafiki huu. Zuhura anapoteza nafasi kwenye meza ya kundi lake. Paskalina anaambiwa na mama yake aache kufuatana na watoto wa wenye pesa, maana siku kikipotea kitu atasingiziwa yeye. Upande mmoja ukiwa mtupu, hadithi bado haijaiva. Na hayo uliyoyaandika yarudi angalau mara tatu: pale urafiki unapoanza, katikati, na kwenye ugomvi.

*Naandika kuhusu dada wa kazi wa miaka 16 kutoka Singida na binti wa nyumba anayofanyia kazi Dar es Salaam, umri huohuo. Nahofia dada wa kazi anageuka mtu wa kumfundisha binti unyenyekevu.*
Msomaji, Kibaha

Hofu yako ina msingi, na dawa yake ni kumpa huyu msichana mambo yake mwenyewe. Jiulize anataka nini ambacho hakihusiani kabisa na nyumba ile. Anataka kurudi shule? Anadunduliza pesa za cherehani? Ana mdogo wake anayemfikiria? Kisha uliza mshahara wake unapita njia gani: anapewa mkononi, mama mwenye nyumba anamwekea, au unatumwa kwa simu kwa mjomba ambaye ndiye aliyemleta mjini? Jibu moja tu la hapo linaweza kuzaa nusu ya matukio ya kitabu.

Halafu iandike ratiba yake saa kwa saa. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anapiga pasi sare, anawaandaa wadogo kabla ya basi la shule, anafagia, anafua, anapika, na akimaliza vyombo vya usiku ni saa nne au saa tano. Ratiba hiyo ndiyo itakayokuonyesha wasichana hawa wanaweza kukutana wapi. Hawawezi kukaa barazani saa kumi jioni wakipiga soga, maana saa hiyo kuna chai ya jioni, kuna nguo za kuanua na kuna mtoto wa kuogesha. Wanaweza kukutana jikoni usiku, au Jumamosi kwenye beseni la kufulia, au umeme ukikatika na wote wakakosa la kufanya.

Panapoharibika zaidi ni kwenye adhabu. Tuseme binti anatoroka kwenda kwenye sherehe na dada anamfungulia geti. Wakigundulika, mmoja atafokewa na kunyang'anywa simu, na mwingine atapakiwa kwenye basi la Singida kesho yake asubuhi. Siri ni ileile, ila uzito wake kwa kila mmoja ni tofauti kabisa. Msomaji aliyewahi kuishi nyumba ya namna hiyo, awe upande wowote, atakiweka kitabu chini ukiwapa adhabu sawa. Na binti akinyamaza wakati mwenzake anafukuzwa, huna haja ya kutafuta ugomvi mwingine wowote.

Angalia pia namna wanavyoitana. Nyumbani watu wote, hata baba, wanaweza kuwa wanamwita "dada", wakati yeye anamwita binti kwa jina na mama mwenye nyumba "mama". Amua ni sura ya ngapi binti ataanza kumwita kwa jina lake, na siku hiyo usiipigie tarumbeta. Msomaji wako ataona mwenyewe.

Kuhusu sheria, kwa sababu umeuliza pembeni kama msichana wa umri huo anaruhusiwa kuajiriwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaruhusu mtoto wa miaka 14 afanye kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kwa miaka 16 umri peke yake si kosa. Saa kumi na nane za kazi ni habari nyingine, na mhusika wa tatu, jirani au mwalimu, anaweza kulisema hilo kwa sentensi moja.

*Mhusika wangu ana ualbino, na rafiki yake ni anayekaa naye dawati moja. Nizingatie nini?*
Msomaji, Mwanza

Anza na macho. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na miwani haiurekebishi wote, kwa hiyo hata akikaa dawati la mbele anaweza asiyaone maandishi ya ubaoni. Wa pembeni yake akimsomea kwa sauti ya chini, tayari una kazi ya kila siku inayowaunganisha. Macho yake pia yanaweza kuwa yanachezacheza bila yeye kutaka. Mwenzake asiyejua atadhani anadharauliwa, kwamba anazungumza na mtu asiyemtazama. Huo ni mwanzo mzuri wa kutoelewana, na ni wa kweli.

Kisha ngozi: kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi. Paredi ya asubuhi ikirefuka juani, au mwalimu wa zamu akisema kofia si sehemu ya sare, unapata mgogoro bila kutafuta muuaji porini. Tunakusihi usimpe kipaji cha ajabu cha kufidia macho. Mpe ubishi, au uchoyo wa seti ya hesabu, au mazoea ya kuchelewa. Naye lazima amkosee mwenzake angalau mara moja, kosa la kweli ambalo halitokani na hali yake.

*Msichana wangu mmoja ametoka Lamu, mwingine ametoka Goma, wamekutana shule ya kutwa Nairobi. Je, waongee Kiswahili sanifu wote?*
Msomaji, Mombasa

Hapana, maana lugha ndiyo tofauti ya kwanza watakayoisikia wao wenyewe. Lakini usijaze kila mstari lahaja, msomaji wa Dodoma atachoka ukurasa wa pili. Mchagulie kila mmoja alama mbili au tatu, uzishike mpaka mwisho. Wa Lamu anaweza kusema "mato" kwa macho na "ndia" kwa njia. Wa Goma anaweza kusema "niko nasoma" pale ambapo mwingine angesema ninasoma, na "anasemaka" kwa jambo la mazoea. Wanafunzi wa Nairobi wanaowazunguka watatupia Sheng, na hapo wote wawili watajikuta wageni. Hapo ndipo pa kuwakutanishia: mmoja anajivunia Kiswahili chake cha kale na anachekwa, mwingine anachekwa kwa chake cha Kongo, na kila mmoja kwanza anamcheka mwenzake ili asionekane yeye.

Masimulizi yako yabaki sanifu, lahaja ikae kwenye mazungumzo tu. Usiweke maana kwenye mabano. Ukitaka msomaji aelewe "ndia", mpe mhusika anayeonyesha kwa kidole. Mtafute msemaji wa kila lahaja akusomee mazungumzo kwa sauti, na akikwama mahali, futa hapo. Kosa tunaloliona sana ni mhusika wa Kongo anayezungumza Kiswahili kibovu ili kuchekesha. Chake si kibovu, kina kanuni zake, na ukizivunja ovyo kila anayetoka Kivu atajua hukumuuliza mtu.

Njiani urafiki wao ubadilishe midomo yao kidogo. Kufikia robo ya mwisho ya kitabu, wa Lamu anaweza kuteleza akasema "niko naenda", na asijisahihishe.

*Wasimulizi wawili au mmoja?*
Msomaji, Arusha

Mmoja, kama hiki ni kitabu chako cha kwanza. Urafiki wa watu wasiofanana unasomeka vizuri zaidi tukiwa hatujui mwingine anawaza nini. Tunakosea pamoja na msimulizi. Ukiamua wawili, fanya jaribio hili: toa kurasa mbili kutoka sura tofauti, futa majina, mpe mtu asiyeijua hadithi, na umwulize kama anasoma mtu mmoja au wawili. Akisita, sauti hazijaachana. Zitenganishe kwa urefu wa sentensi, kwa viapo (mmoja "wallahi", mwingine "haki ya Mungu"), na zaidi kwa kile kila mmoja anachokitazama akiingia chumbani. Aliyezoea uhaba huhesabu watu na chakula. Aliyezoea kutazamwa hutafuta kioo.

*Ugomvi wao niujenge juu ya nini? Sitaki mvulana.*
Msomaji, Nakuru

Vizuri, maana mvulana hapo huwa ni njia ya mkato. Ugomvi unaokaa vizuri unatokana na sifa ileile iliyowavuta. Kama Amina alimpenda Wanjiru kwa sababu husema ukweli bila kuogopa, basi siku moja Wanjiru aseme ukweli wa Amina mbele ya asiyetakiwa kuusikia. Hana nia mbaya, anafanya kile anachokifanya siku zote. Msomaji hatapata wa kumlaumu moja kwa moja, na ndicho unachokitaka.

Kwa wasichana wa leo silaha ya kawaida ni simu. Ujumbe wa sauti uliotumwa kwa mmoja unasambazwa kwenye kundi la watu 40, au picha ya skrini inakatwa mstari wa juu uliokuwa unaeleza utani. Panga hatua zake sawasawa: nani aliandika, saa ngapi, nani aliona kwanza, nani alisambaza, na kwa nini aliyeandika hakufuta mapema. Shule nyingi za bweni zinakataza simu, kwa hiyo kama wako bweni ni lazima useme simu imefichwa wapi na inachajiwaje. Tumeusoma mswada ambao wasichana walichati usiku kucha kwenye bweni la vitanda vya dabodeka, matroni akiwa mlango wa pili, na hakuna aliyeona mwanga. Bila simu, barua ya kukunja iliyoingia kwenye daftari lisilo lake inatosha.

Kwa kitabu cha sura 20, weka ugomvi kati ya sura ya 13 na ya 15. Ukiuweka sura ya 18 utawapatanisha kwa haraka na itaonekana. Baada yake wape sura mbili au tatu za kutengana kweli, kila mmoja akiishi bila mwenzake. Hizo ndizo sura za kuonyesha pengo kwa vitu vidogo: anasoma swali la kemia, anageuka kuuliza, hakuna mtu.

Wapatane kwa tendo, na tendo lenyewe limgharimu anayelifanya. "Samahani" ya kurasa mbili chini ya mwembe haimgusi msomaji kama Wanjiru akisimama mbele ya kundi lilelile na kusema kuwa ni yeye aliyesambaza, huku akijua atavuliwa cheo cha ukiranja. Amina naye asisamehe siku hiyohiyo. Mpe usiku mmoja, ikibidi wiki.

*Kitabu kiwe na maneno mangapi, na kuna makosa gani ya kishule mnayokutana nayo?*
Msomaji, Iringa

Kwa wasomaji wa sekondari, maneno 25,000 hadi 40,000 yanatosha. Usijipime kwa vitabu vya Kiingereza: neno letu moja, "hatukuwasikia", linabeba kazi ya maneno kadhaa yao, kwa hiyo kisa kilekile kinaandikika kwa maneno machache zaidi. Sura za maneno 1,500 hadi 2,000 zinasomeka kwa mkao mmoja kabla ya prepo kuisha.

Makosa ya kishule ni mengi, na mengi yanatokana na mwandishi kukumbuka shule ya enzi zake. Amua mwaka wa hadithi kwanza. Msichana anayefukuzwa shule ya serikali ya Tanzania kwa kukosa ada ya kidato cha pili mwaka 2019 hawezi kuwepo, kwa kuwa ada hiyo ilifutwa kuanzia 2016. Michango, sare, nauli na daftari ndivyo vilivyobaki kumwelemea. Msichana aliyejifungua na kurudi kwenye darasa la shule ya serikali awekwe baada ya Novemba 2021, serikali iliporuhusu hilo. Huyu, kwa maoni yetu, ni mhusika ambaye riwaya zetu bado hazijamtendea haki: ana miaka 18, ana mtoto nyumbani, na mwenzake wa dawati ana miaka 15 na anaogopa hata kumwuliza jina la mtoto. Kwa Kenya, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanyika mara ya mwisho 2023, kwa hiyo anayemaliza shule ya msingi baada ya hapo anaingia Gredi ya 7, na hatakuwa mono wa Kidato cha Kwanza kama dada yake.

*Je, ni lazima wabaki marafiki mwisho wa kitabu?*
Msomaji, Tanga

Si lazima, ila usiwatenganishe kwa kifo wala kwa ajali ya basi, kwa sababu hapo anayeamua ni wewe na siyo wao. Kalenda ya shule ya Tanzania itakusaidia bure. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Una miezi minane ambayo wasichana wako hawana bweni, hawana dawati la pamoja, wala mwalimu wa kuwapanga. Mmoja yuko Kariakoo dukani kwa baba yake na ana simu mpya. Mwingine yuko kijijini, na anaazima simu ya shangazi Jumapili. Andika sura moja katika miezi hiyo, na uangalie ni nani anayepiga kwanza, anapiga baada ya muda gani, na kama mwenzake anapokea.